Nyumba ya Rembrandt mjini Amsterdam

Mgeni anayeingia katika nyumba ya Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi wa karne ya 17, ambayo sasa ni jumba la makumbusho katika mtaa wa Jodenbreestraat mjini Amsterdam, akitumaini kuona picha zake kubwa za rangi za mafuta, amekosea mlango, kwani picha hizo hutazamwa katika Rijksmuseum, jumba kubwa la sanaa la jiji hilohilo. Hapa kuna nyumba yenyewe, na kwa maoni yangu inaonyesha kitu ambacho picha iliyotundikwa ukutani haiwezi kukionyesha, yaani namna kazi ya mchoraji ilivyofanywa siku kwa siku na gharama aliyoilipa.

Rembrandt aliinunua mwaka 1639 kwa gilda 13,000, fedha nyingi mno kwa wakati ule, na deni lake hakulimaliza. Alipofilisika mwaka 1656, maofisa wa jiji walipita chumba kwa chumba wakiandika kila walichokikuta, vipengele 363 kwa jumla, ili mali iuzwe na wadai walipwe. Mwaka 1658 nyumba nayo ikauzwa, naye akahamia nyumba ya kupanga upande wa Rozengracht. Kwa hiyo meza, viti na makabati yaliyomo leo si yake. Ni vitu vya zama zake, vilivyokusanywa mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa kuifuata orodha ileile. Wapo watakaovunjika moyo kwa kusikia hivyo. Mimi jambo hilo lilinigusa kuliko jingine lolote: karatasi iliyoandikwa ili nyumba ibaki tupu ndiyo iliyowawezesha watu wa leo kuijaza tena.

Sebuleni kuna kitanda kilichojengwa ndani ya ukuta mfano wa kabati, na ni vigumu kukitazama bila kumkumbuka mkewe, Saskia, aliyefariki mwaka 1642 wakati mtoto wao Titus hajatimiza hata mwaka mmoja. Ngazi za kupandia juu ni nyembamba na zinazunguka, hivyo mwenye matatizo ya magoti aende taratibu. Juu kuna chumba alimohifadhi makombe ya baharini, silaha na sanamu za vichwa vya watawala wa Kirumi, vitu alivyovinunua bila kujizuia na ambavyo bila shaka viliongeza uzito wa madeni yake. Karakana yake ina madirisha makubwa yanayoelekea kaskazini, ambako jua haliingii moja kwa moja. Mwanga wake ni mtulivu, na uso wa mtu aliyesimama karibu na dirisha unaangaza upande mmoja huku upande wa pili ukififia polepole. Yeyote aliyewahi kuona picha zake ataujua mwanga huo papo hapo.

Usiondoke kabla ya kuona maonyesho ya uchapaji. Bamba la shaba lililopakwa nta huchorwa kwa sindano, kisha asidi huila shaba mahali nta ilipokwaruzwa. Fundi alipaka wino mweusi bamba zima, akaufuta kwa kitambaa na hatimaye kwa ubavu wa kiganja, mpaka wino ukasalia ndani ya mistari tu. Alilaza juu yake karatasi yenye unyevunyevu, akauzungusha usukani wa mtambo wa mbao kwa nguvu za mwili mzima, halafu akaibandua karatasi kwa kuishika pembe mbili. Picha ilitoka kinyume, ya kulia ikiwa kushoto.

Baada ya hapo nilirudi kwenye picha zilizochapwa kutoka kwenye mabamba ya Rembrandt mwenyewe, ambazo jumba hili linazo karibu zote. Baadhi ni ndogo kuliko kiganja, na awali nilikuwa nimezipita kwa haraka. Safari hii niliinama mbele ya uso mmoja mdogo, nikafuata mistari ya nywele mmoja baada ya mwingine, nikijua sasa kwamba kila mmoja ulipitia sindano, asidi na mkono uliofuta wino.