DataMapper ya IMF: nyota nne kutoka kwa muuza vipuri wa Grogan

Ninauza vipuri vya magari Barabara ya Kirinyaga, pale wengi wanapopaita Grogan, na mzigo wangu mwingi hutoka Dubai na Guangzhou. Kwangu dola ni mali ya dukani kama klachi ya Probox: isipopatikana kwa bei ya maana, biashara inalala. Mwaka 2023 dola ziliadimika hapa Nairobi hadi benki ninayoweka pesa ikawa inatugawia kidogo kidogo, na kufikia mwisho wa mwaka dola moja ilikuwa inakaribia shilingi 157. Ndipo nikaanza kufuatilia urari wa malipo ya kawaida: nchi imeuza nini nje na kununua nini, bidhaa na huduma, riba na faida iliyolipa na iliyopokea, pamoja na pesa zinazotumwa na jamaa walio ughaibuni. Zinazotoka zikizidi zinazoingia ni nakisi; zinazoingia zikizidi ni ziada.

Chombo ninachokitumia kulinganisha nchi ni DataMapper ya Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF. Hakina malipo wala hakikulazimishi kujisajili. Unachagua kipimo, ramani ya dunia inapakwa rangi kufuatana na hali ya kila nchi, na unaweza kurudi nyuma mwaka kwa mwaka hadi 1980. Ukitaka unaziweka Kenya, Uganda na Tanzania kwenye mchoro mmoja, kila nchi na mstari wake. Kwa simu, nenda moja kwa moja kwenye orodha. Ramani inataka kompyuta.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo watu wengi wanapopotea. Urari umewekwa kwa vipimo viwili, dola na asilimia ya Pato la Taifa, na vinaleta picha mbili tofauti kabisa. Kwa dola, Marekani iko mkiani mwa dunia: mwaka 2024 nakisi yake ilizidi dola trilioni 1.1. Anayesoma orodha hiyo peke yake atadhani Kenya inaishi vizuri kuliko Marekani. Geuza kwa asilimia, nakisi hiyo ni takriban asilimia 4 ya pato lao, tena wao hulipa kwa sarafu yao wenyewe. Sisi dola lazima tuitafute. China nayo, yenye ziada ya zaidi ya dola bilioni 400 mwaka huo huo, ukiipima kwa ukubwa wa uchumi wake inabaki na asilimia 2 hivi, huku Singapore ndogo ikipita asilimia 15. Kwa mfanyabiashara, nasema tumieni asilimia.

Hata hivyo asilimia ya mwaka mmoja isikutishe. Tazama Msumbiji mwaka 2022: nakisi ilizidi asilimia 30 ya pato. Ukiona nambari hiyo peke yake utasema nchi imeanguka. Kumbe mwaka huo ndipo Coral Sul, mtambo unaoelea wa kugeuza gesi kuwa kimiminika uliojengwa Korea Kusini, ulipofika baharini kwao na kuandikwa kama bidhaa iliyoagizwa kutoka nje. Mtambo mmoja! Kabla mwaka haujaisha shehena ya kwanza ya gesi ilikuwa imeshaondoka kwenda kuuzwa. Ireland nayo ilionyesha nakisi ya karibu asilimia 20 mwaka 2019, na sababu kubwa ilikuwa kampuni za kimataifa kuhamishia huko haki za ubunifu wao, jambo linaloandikwa kama ununuzi kutoka nje. Raia wa kawaida wa Dublin hakuwa amenunua kitu.

Kwa Kenya, mstari ni wa kuusoma polepole. Miaka ya ujenzi wa reli ya SGR, kabla haijafunguliwa Mei 2017, vyuma na mitambo viliingia kama bidhaa za kununua, na nakisi ikawa pana. Mkopo wa kuijengea reli hauonekani hapa, uko kwenye hesabu ya mitaji, yaani ile ya mikopo na uwekezaji. Kinachorudi kwenye urari huu ni riba tunayolipa kila mwaka. Mwaka 2022, mafuta yalipopanda baada ya vita vya Ukraine, nakisi ilikuwa karibu asilimia 5. Kinachotushikilia ni watu wetu walio nje: mwaka 2024 walituma karibu dola bilioni 4.9, nyingi kuliko tunachopata kwa chai. Nikimwona mama anapokea pesa za binti yake aliye Saudia kwa simu pale kibandani, naona mahali dola zangu zinapotoka, na ninamheshimu binti huyo.

Lakini DataMapper haikuonyeshi mgawanyo huo. Inakupa jumla tu, na hili ndilo pungufu lake kubwa machoni pangu. Ukitaka kujua chai imeleta nini na mafuta yamekula nini, inabidi uende kwa takwimu za Benki Kuu ya Kenya, ambayo hutoa jarida kila wiki, au kwa ripoti ya uchumi ya kila mwaka ya KNBS, shirika la takwimu la taifa. Pia usiutumie urari huu peke yake kutabiri shilingi. Mapema 2024 shilingi ilipanda thamani kutoka 160 hadi karibu 130 kwa dola, na kilichowasha moto ule ni serikali kuuza hati mpya ya Eurobond, yaani kukopa dola kwa wawekezaji wa nje, mwezi Februari na kupunguza deni la dola bilioni 2 lililokuwa likiiva Juni. Hiyo ni hesabu ya mitaji.

Jambo jingine: mstari unapita mwaka tulio nao na kuendelea mbele miaka kadhaa. Huko mbele ni makadirio, msiende kuagiza kontena kwa sababu yake.

Natoa nyota nne kati ya tano. Ya tano nitaitoa siku wakiweka Kiswahili na mgawanyo wa bidhaa na huduma papo hapo. Takwimu kuu huhuishwa Aprili na Oktoba. Mimi huzitazama kabla ya kupanga oda ya Desemba.