Sola: lipa mdogo mdogo au mkopo wa sacco?
Mi nimepitia zote mbili. Lipa mdogo mdogo, kama ile kampuni ya M-KOPA walianza nayo hapa Kenya, unaweka kianzio kidogo unabeba sola siku hiyo hiyo, halafu unatuma kila siku na M-Pesa, usipotuma taa inajizima watoto wakiwa katikati ya kazi ya shule. Sacco nayo lazima uweke akiba kwanza, wengi wanakupa hadi mara 3 ya akiba yako, na riba ya kama asilimia 1 kwa mwezi, lakini wadhamini sasa! Shemeji alinizungusha wiki mbili kusaini fomu tu. Ila paneli ukinunua na mkopo wa sacco hakuna wa kukuzimia. Kama huna akiba kabisa chukua ya kwanza, koroboi nayo si inakula mafuta kila siku?