Super ya kawaida au ile ya bei ya juu? Mafuta ya gari lako, kwa mpangilio wangu

Jumamosi moja asubuhi, kwenye stesheni ya mafuta barabara ya Jinja, Kampala, nilipanga foleni nyuma ya kijana mwenye Premio nyeupe. Mhudumu akamuuliza, "Ssebo, ya kawaida au ile nyingine?" Kijana akajibu bila kugeuka, "Nitilie ile kali, gari ni jipya." Namba ya gari ilikuwa mpya, sikatai. Lakini gari lenyewe lilikuwa limeshatumika Japani miaka mingi, na chini ya boneti mna injini ya 1NZ, ambayo huko ilikotoka hunyweshwa petroli ya kawaida tu. Akatiliwa ya elfu hamsini. Nilitamani kushuka nimwambie, nikajizuia. Mtu na hela yake.

Neno "kali" ndilo linalotuponza. Tunaichukulia oktani kama pilipili, kwamba ikizidi mchuzi unakolea. Kumbe oktani ni kipimo cha uvumilivu. Ndani ya silinda, pistoni inabana hewa na mvuke wa petroli mpaka vinapata joto jingi, halafu plagi inatoa cheche na moto unasambaa kwa utaratibu wake. Petroli ya oktani ndogo haivumilii kubanwa hivyo. Sehemu yake inalipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Hapo ndipo fundi wa Ndeeba anakwambia injini inanoki. Ukitaka kuisikia, panda kilima cha Muyenga na abiria wanne, AC imewashwa, gia kubwa, halafu kanyaga mafuta: ni kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo la bati. Ikiachwa kwa muda mrefu pistoni inaweza kutoboka.

Magari mengi ya siku hizi yana kihisi kinachozisikia hizo kokoto na kuiambia kompyuta ya gari icheleweshe cheche. Kelele zinakwisha, ila nguvu inapungua na mafuta yanaliwa zaidi. Hapo oktani kubwa inasaidia. Lakini kama injini yako haikuwa na kokoto tangu mwanzo, pesa ya ziada inakwenda kufanya kazi gani? Chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima jambo hili mwaka 2016 kwa magari yaliyotengenezewa petroli ya kawaida. Kuyapa ya bei ya juu hakukuyaongezea nguvu wala kupunguza unywaji wa mafuta kwa kiasi cha maana.

Kwa hiyo kabla hujaniuliza ununue ipi, fungua kifuniko cha tangi uangalie upande wa ndani. Gari la Kijapani linalotaka oktani kubwa kwa kawaida lina kibandiko chenye neno プレミアム (yaani premium) au ハイオク. Likiwa la kawaida utaona レギュラー, au hutaona chochote. Piga picha kwa simu ulinganishe herufi, huhitaji kujua Kijapani. Kama gari limepigwa rangi upya na kibandiko kimefutika, tafuta kwa namba ya chesisi na msimbo wa injini, usimtegemee dalali wa bondi (yadi ya kuuzia magari) ambaye kazi yake ni kukwambia kila gari "halili mafuta".

Magari ya Ulaya huandikwa namba moja kwa moja, 95 au 98. Hiyo ni RON, kipimo cha oktani kile kile kinachotumika huku kwetu na Japani. Anayefundishwa na mafundi wa Marekani kwenye simu yake awe macho: wao hutumia wastani wa vipimo viwili, kwa hiyo 87 yao ni kama 91 yetu. Nimeshakutana na mtu aliyebishana nami nusu saa kwa sababu ya hizo namba, na kila mmoja wetu alikuwa na haki.

Japani, petroli ya kawaida haitakiwi kushuka chini ya 89, na ile ya juu haitakiwi kushuka chini ya 96. Super ya kawaida ya Uganda, ikiwa safi kama ilivyovuka mpaka wa Malaba, inaizidi hiyo 89 bila shida. Halafu sisi tuna bahati ambayo watu hawaizungumzii: tunaishi juu. Kampala iko mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, Kabale inakaribia 2,000. Hewa ya Kampala ina mgandamizo mdogo kwa kama asilimia 13 kuliko ya pwani, kwa hiyo injini isiyo na turbo inavuta hewa haba, inaibana kwa nguvu ndogo, na hamu ya kunoki inapungua. Ndiyo maana kule Colorado, milimani Marekani, huuzwa 85 ya hesabu yao mahali ambapo majimbo ya chini huuza 87. Turbo hainufaiki sana na bahati hii, kwa sababu kazi yake ni kurudisha ile hewa iliyopungua.

Sasa mpangilio wangu, kuanzia ninayoinunua mara nyingi hadi ile nisiyotaka uiguse.

Ya kwanza ni super ya kawaida, kutoka stesheni yenye wateja wengi. Premio, Allion, Spacio, Wish, Probox, Vitz, Noah, Forester isiyo na turbo, na Bajaj Boxer zote za boda: kundi lote hili linatosheka hapa. Hata Prius imo. Wenye Prius hushtuka, kwa sababu wamesoma kwamba kompresheni yake (uwiano wa mbano) imeandikwa 13 kwa 1, na mtandaoni wameambiwa kompresheni kubwa inataka oktani kubwa. Lakini injini ile huchelewa kufunga valvu na kuachia sehemu ya hewa irudi kabla ya kuibana, hivyo ule mbano halisi ni mdogo kuliko namba. Kibandiko kinakushinda wewe na mimi kwa elimu.

Nimetaja wateja wengi kwa makusudi, maana hapo ndipo pesa yako ina kazi kuliko kwenye daraja la mafuta. Petroli yetu imesafiri kutoka Mombasa kwa bomba mpaka Kenya magharibi, kisha kwa lori, au imekuja na njia ya Tanzania kupitia Mutukula. Kila mkono inakopita ni nafasi ya mtu kuongeza mafuta ya taa. Mafuta ya taa yana oktani ndogo sana, hivyo kiasi kidogo tu kinaishusha tangi nzima. Serikali kupitia UNBS (shirika la viwango) na Wizara ya Nishati hutia alama ya kemikali kwenye mafuta yanayoingia, kisha wakaguzi huzunguka na mashine kupima kama alama imepungua. Ni kazi nzuri, ila mkaguzi hayupo kila siku. Stesheni inayouza lori zima kwa siku mbili haina muda wa kuyachezea, na mafuta yake hayakai chini yakikusanya maji.

Kipimo changu mwenyewe ni karatasi nyeupe. Napata tone moja kutoka ncha ya bomba, naliacha kivulini. Petroli safi inakauka na kuondoka, karatasi inabaki kama ilivyokuwa. Ikibaki duara la mafuta kama la karatasi iliyofungia mandazi, naenda stesheni nyingine. Wahudumu hunicheka. Jambo jingine, ukikuta lori linamwaga mafuta kwenye tangi la chini, pita. Takataka za chini zinakuwa zimevurugwa. Na kabla hajaanza, hakikisha pampu inasoma sifuri, hasa wewe unayenunua ya elfu ishirini huku unaongea na simu.

Ya pili ni ile ya bei ya juu, kwa gari linaloidai. Forester XT, Impreza WRX, Legacy GT, Mercedes za Kompressor, BMW nyingi: hapa usibane shilingi. Wenye Subaru wa Kampala wanajua kuzipamba gari zao kama za mashindano ya magari ya Pearl of Africa, halafu wanazinywesha super ya kawaida na kulalamika kwamba turbo "imekufa". Haijafa, kompyuta imeifunga mkono. Piga hesabu hivi: tofauti ikiwa shilingi 400 kwa lita, tangi la lita 50 linakuongezea 20,000. Hiyo ni pesa ndogo mbele ya pistoni na gasketi. Na ukishuka nalo Mombasa, jaza ya juu kabisa njiani. Pale baharini hewa ni nzito na injini inadai kila namba unayoweza kuipa.

Mark X inataka uangalifu. Ya kizazi cha kwanza, ya 2.5, ilitaka premium. Mwaka 2009 kilipotoka kizazi cha pili, hiyo 2.5 ilitengenezwa upya ikubali ya kawaida, lakini ile ya 3.5 ikabaki na premium. Jina ni lile lile, umbo linakaribiana, bili tofauti.

Kuna wanaonunua ya bei ya juu kwa ajili ya sabuni, yaani kemikali za kusafisha nozeli. Hizo kampuni huziweka kweli, na hazina uhusiano na oktani. Tangi moja mara mojamoja kwa gari lililokaa sana kwenye bondi, sina ugomvi nalo. Kila wiki kwa Vitz, hapana.

Ya tatu ni kuchanganya nusu kwa nusu. Watu huogopa kama wanachanganya dawa, lakini petroli mbili zinaelewana, na oktani inakaa katikati, kwa makadirio. Inafaa pale kitabu cha gari kinapopendekeza premium bila kuilazimisha, au umefika mji mdogo wenye ya kawaida tu na tangi bado lina nusu ya ile nzuri. Ikiwa imeandikwa lazima, basi ni lazima.

Ya nne ni chupa za kuongeza oktani zinazouzwa soko la Kiseka karibu na spea. Soma vizuri: ikiandikwa inaongeza pointi 30, pointi kumi kwa lugha yao kwa kawaida ni namba moja, kwa hiyo unapata 3, tena kama umepima sawasawa na tangi ni dogo kama walivyodhani. Nyingine zina manganizi, ambayo huacha utando mwekundu kwenye plagi. Kwa bei ya chupa moja ungekuwa umeshalipia tofauti ya tangi zima la ile ya juu.

Ya mwisho ni jerikeni la kando ya barabara. Hili nimelilipia. Januari 2022, malori yalipokwama Malaba na Busia kwa ajili ya vipimo vya korona, stesheni zikakauka na bei zikaruka. Nilikuwa natoka Mityana, taa ya mafuta imewaka, nikamwona kijana na majerikeni yake ya manjano. "Mzee, hii ni super safi, nimeitoa Kampala." Rangi ilikuwa sawa, harufu sikuijali, na karatasi yangu nyeupe ilikuwa kwenye droo ya gari muda wote. Kilima cha kwanza tu kokoto zilianza, cha pili gari likawa linapanda kama limebeba matofali, moshi nyuma. Nilifika Ndeeba kwa gia ya pili. Fundi akafungua bomba, akaingiza kidole kwenye beseni, akakinusa, akaniuliza kwa upole, "Mzee, kwani nyumbani umeme umekatika?"

Lita kumi na mbili. Aliyabakiza mwenyewe, akasema yatamfaa kuoshea vyuma.