Uzoefu wangu na Yamaha Drag Star 400: sevisi na gharama zake Dar es Salaam

Bei ya kununulia kruza iliyotumika, yaani pikipiki ndefu ya kukalia chini, inajulikana siku ya kwanza na inaisha siku hiyo hiyo. Linaloamua kama utaifurahia au itakaa uani imefunikwa turubai ni sevisi: nini kinataka kubadilishwa, lini, na kinapatikana wapi. Mimi ninayo Yamaha Drag Star 400 na naiendesha Dar es Salaam, penye joto, foleni na upepo wa bahari, kwa hiyo ninayoyasema hapa yapokee kwa mazingira hayo.

Yamaha walianza kuiuza Japani mwaka 1996 wakaacha mwaka 2017. Injini ni ya silinda mbili za V, cc 399, inapozwa kwa hewa tu. Za cc 400 ni nyingi kwenye soko la Japani kwa sababu leseni ya kawaida ya pikipiki kule inaishia hapo hapo cc 400, na ndiyo maana mtu wa huku akitafuta kruza ya Kijapani hukutana nazo mapema. Yangu ni ya kabureta mbili, siyo zile za mwisho zenye mfumo wa sindano, unaopulizia petroli badala ya kabureta.

Nianze na kitu kilichonifanya niipende. Haina cheni. Fundi wangu amekulia kwenye Boxer na TVS, na mara ya kwanza alipoiinamia aliniuliza, "Bosi, cheni yake iko wapi?" Nguvu inakwenda gurudumu la nyuma kwa shafti, na pale mwisho kuna difu ndogo yenye oili yake. Hakuna kukaza cheni, hakuna kupaka grisi kila mvua ikinyesha, hakuna seti ya sproketi. Oili ya difu haifiki hata robo lita. Naimwaga mara moja kwa mwaka, naangalia kama ina vipande vya chuma au imegeuka rangi ya maziwa (hiyo ni dalili kwamba maji yameingia), natia mpya ya gia, basi. Kwa elfu kumi hivi umemaliza.

Oili ya injini ndiyo inayotaka umakini. Inaingia karibu lita tatu, na klachi inaogelea humo humo. Ukiweka oili ya gari iliyochanganywa dawa za kupunguza msuguano, klachi inaanza kuteleza: unavuta mafuta, injini inapiga kelele, pikipiki haisogei inavyopaswa. Tafuta kopo lililoandikwa JASO MA au MA2, alama ya oili ya pikipiki zenye klachi ya namna hii. Kitabu chake kinaruhusu masafa marefu zaidi, ila mimi nabadili kila kilomita 3,000, kwa sababu injini ya kupozwa na hewa haipati hewa ukiwa umesimama Ubungo saa kumi na moja jioni. Inachemka, na oili inachoka mapema. Kila ninapobadili, shilingi 45,000 hadi 60,000 zinaondoka kwenye oili peke yake.

Sasa filta ya oili. Hapa waliounda pikipiki hii sikubaliani nao kabisa. Filta imejificha nyuma ya mabomba ya eksozi, upande wa kulia, na ili uifikie vizuri inabidi mabomba yashuke. Kwenye pikipiki ya miaka ishirini iliyoishi karibu na bahari, nati za eksozi zimeshikwa na kutu, na ukizilazimisha zikiwa kavu, boliti inakatikia ndani ya silinda hedi. Hapo kazi ya asubuhi moja inageuka kazi ya karakana ya kuchonga vyuma. Nazipulizia WD-40, dawa ya kulegeza kutu, jioni, nazirudia asubuhi, kisha nazifungua taratibu kwa zamu, kidogo hii kidogo ile. Gasketi za eksozi zinabanwa zikalala, kwa hiyo weka mpya ukirudisha, la sivyo utasikia mlio wa kupuliza pale mbele. Ndiyo maana filta naibadili kila oili ya pili, siyo kila mara, na sioni ubaya wowote kufanya hivyo.

Kuseti valvu siyo kazi ya kutisha. Kila silinda ina valvu mbili, na zinarekebishwa kwa skrubu na nati, kama kwenye pikipiki nyingi ambazo mafundi wetu wanazijua. Injini iwe imepoa kabisa, ya usiku mzima. Tangi linatoka ili upate silinda ya nyuma. Valvu ya kutolea moshi inapewa nafasi kubwa kidogo kuliko ya kuingizia, kwa kuwa inapata moto zaidi na chuma kinatanuka. Muhimu fundi atumie fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, asikadirie kwa kidole. Valvu zikiwa zimelegea utasikia tiki tiki hata injini ikishapata moto. Zikibana hutasikia chochote, na hiyo ndiyo mbaya zaidi, maana valvu inaungua kimya kimya.

Kabureta zinaharibika zaidi kwa kukaa kuliko kwa kutembea. Nikijua pikipiki itasimama kwa wiki kadhaa, nafungua skrubu ya chini ya kila kabureta namwaga petroli yote. Ikibaki mle inakauka, inaacha gundi kwenye jeti ndogo, yaani vitundu vya kupitishia petroli, na ukiwasha injini inakohoa na kukataa kutulia usipovuta mafuta. Kusafisha zote mbili nalipa kama 50,000 kwa fundi anayejua kuzisawazisha, yaani kuhakikisha silinda zote mbili zinavuta sawa. Ukimpata wa namna hiyo mshike. Mpira mwembamba ulio juu ya kila kabureta nao unazeeka na kupasuka. Uinue dhidi ya mwanga wa jua, tundu dogo utaliona.

Fedha nyingi inakwenda kwenye tairi. Nyuma linaingia 170/80-15, saizi ambayo huwezi kuikuta kwenye maduka ya tairi za bodaboda. Nimezunguka Gerezani na Kariakoo, jibu ni lile lile: agiza. Langu la mwisho, hadi kunifikia mkononi, lilikula kama 450,000, na tyubu juu yake, kwa sababu rimu ni za spoku. Kuna muuzaji mmoja alijaribu kuniuzia tairi la gari dogo la inchi 15 akisema litakaa. Sikulikubali. Pikipiki inalala kwenye kona na tairi la gari limetengenezwa kusimama wima; maisha yangu siyo ya kujaribia. Gurudumu la nyuma likitoka, mwambie fundi asafishe meno yanayoungana na difu na kuyapaka grisi nzito ya molibdenamu. Meno hayo yakiliwa, utatafuta habi nyingine nzima, yaani kitovu cha gurudumu.

Breki hazisumbui: diski mbele, dramu nyuma. Fluidi ya mbele nabadili kila baada ya miaka miwili hata kama bado naiona safi, kwa kuwa inanyonya unyevu, na unyevu Dar hauna likizo.

Kromu ni habari nyingine. Ndiyo uzuri wa kruza na ndiyo mzigo wake. Nikitoka Kigamboni au Bagamoyo naiosha kwa maji baridi siku hiyo hiyo, naikausha, napaka nta kwenye spoku na shokapu za mbele. Gharama yake ni jasho tu.

Nikijumlisha mwaka wa kawaida, bila tairi, nakaa kwenye laki nne. Mwaka wa tairi la nyuma unafika laki tisa. Kwangu inalipa, kwa sababu injini yenyewe haijawahi kuniacha njiani. Ila kama pikipiki ndiyo inayokulisha na huwezi kusubiri spea wiki tatu, chukua kitu ambacho spea zake zimejaa kila mtaa.

Anayeendelea kuitaka, kabla ya kulipa afanye haya: afike injini ikiwa baridi na muuzaji asiiwashe kabla hajafika, asome tarehe kwenye ubavu wa tairi (tarakimu nne, wiki na mwaka), achungulie kutu kwenye nati za eksozi, na aombe boliti ya difu ifunguliwe aione oili kwa macho yake.