Uzoefu wangu wa kuuza korosho kwa mnada, Newala

Kila msimu wa korosho unapokaribia napigiwa simu na ndugu walioko Dar es Salaam wenye mashamba yao huku Newala, mkoani Mtwara. Wote wanauliza jambo lilelile: wasubiri mnada, au wamuuzie mtu aliyesimama mlangoni na fedha taslimu? Mimi nauza kwa stakabadhi ghalani, yaani mzigo unakaa ghalani kwa risiti mpaka uuzwe mnadani, na nitaendelea kuuza huko. Lakini anayeingia ajue anaingia wapi, kwa sababu mnada wenyewe ni sehemu ndogo tu ya safari.

Wageni wengi hudhani mkulima anasimama na gunia lake huku wanunuzi wakipandishiana bei mbele yake. Sivyo. Unapeleka korosho chama cha msingi, yaani AMCOS, karani anapima, unapewa risiti. Mzigo wako unachanganywa na wa wenzako wa daraja hilohilo la ubora na kwenda ghala kuu, ambako unapimwa upya kabla ya kuingizwa katika orodha ya mauzo. Siku ya mnada kinachouzwa ni tani za wanachama wengi kwa mpigo. Hapo ndipo nguvu yetu ilipo. Gunia langu peke yake halimtoi mtu India wala Vietnam, na huko ndiko sehemu kubwa ya korosho ghafi ya Tanzania inakokwenda.

Zamani wanunuzi walikuwa wakiweka zabuni zao kwenye bahasha, zinafunguliwa mbele ya wakulima na kusomwa kwa sauti. Aliyetaja bei ya juu anapewa kiasi alichoomba, kisha anafuata wa chini yake, mpaka mzigo uishe. Ndiyo maana mpaka leo utasikia ikitangazwa bei ya juu na bei ya chini za mnada mmoja. Tangu msimu wa 2024/25 mauzo yanafanyika kwa mtandao wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, na wakulima tunaangalia bei kwenye skrini. Msimu huo ulifunguliwa kwa bei iliyozidi shilingi 4,000 kwa kilo, na watu walipiga vigelegele. Mimi naupenda zaidi mfumo huu wa sasa. Wanunuzi wanashindana bila kulazimika kusafiri hadi kwetu, na namba inaonekana na kila mtu kwa wakati mmoja.

Jambo ninalolithamini kuliko yote ni haki ya mkulima kusema hapana. Bei ikisomwa, wakulima wanaulizwa kama wanaikubali. Oktoba 2018 wakulima wa Newala na Tandahimba walizikataa bei zilizoletwa, na sakata lile liliishia kwa serikali ya Rais Magufuli kutangaza kwamba itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaja kuzibeba. Yaliyofuata katika malipo ni habari ndefu, wengi walisubiri sana. Lakini uwezo ule wa kukataa mbele ya mnunuzi haupo kabisa kwa anayeuza kangomba, yaani kwa yule mnunuzi wa mlangoni, nje ya mnada. Wa kangomba anakuja mapema, Agosti au Septemba, anajua ada za shule zinadaiwa na vibarua wa palizi hawajalipwa. Mavuno yakifika anapima kwa bakuli lililojazwa mpaka kilele, na bei ameshaipanga yeye. Inaniuma kila ninapoona mama mjane ameshauza mavuno yake kabla hata mikorosho haijamaliza kutoa maua.

Sasa upande wa pili, malipo. Mnunuzi akishinda analipa benki, fedha zinapita chama kikuu, yaani muungano wa vyama vya msingi, na chama cha msingi, kisha zinaingia kwenye akaunti yako. Kila hatua ina watu na karatasi zake. Msimu mmoja chama chetu cha msingi kilichelewesha orodha ya malipo kwa sababu namba za akaunti za wanachama kadhaa hazikulingana na majina yao, na wote tuliokuwa kwenye orodha ile tukakaa tunasubiri, hata tuliokuwa sawa. Tulikwenda ofisini mara kwa mara tukaambiwa tuwe na subira. Hilo si haki. Mwenye kasoro ashughulikiwe peke yake, wengine walipwe.

Makato nayo yasomwe mapema. Bei ya kwenye skrini siyo inayofika mfukoni. Kuna ushuru wa halmashauri, usafirishaji, ghala, na sehemu ya vyama. Makato hayo hutajwa kwenye mkutano wa wanachama kabla ya msimu, na huo ndio mkutano wa kuhudhuria hata kama jua ni kali kiasi gani. Huko ndiko unakouliza shilingi hii inakwenda wapi, na karani anajibu mbele ya watu.

Kuhusu ubora, sikubaliani na wanaosema daraja ni bahati. Daraja linaanzia shambani. Puliza salfa kwa wakati ili ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, usimalize maua. Okota korosho zilizoanguka zenyewe, tenganisha na mabibo siku hiyohiyo, anika vizuri juani, kisha chambua. Ukizileta mbichi, uzito utapungua njiani na ghala kuu litaonyesha kilo chache kuliko za AMCOS. Ugomvi wa aina hiyo nimeushuhudia mara nyingi, na mara nyingi chanzo ni unyevu.

Kwa ndugu zangu wa Dar es Salaam: fungueni akaunti kwa jina lilelile lililoko kwenye daftari la chama, anayepeleka mzigo kwa niaba yenu arudi na risiti yenye kilo na daraja, na muipige picha siku hiyohiyo. Fedha ya ada tafuteni kwingine, msiitegemee ya mnada wa kwanza.