Betri na propela za droni: nunua kwa gramu, achana na mAh

Malalamiko mnayoniletea siku hizi ni wimbo mmoja tu: nimenunua betri yenye mAh (kiasi cha chaji inachobeba) mara mbili ya ile ya zamani, mbona dakika za kuruka hazijawa mara mbili, nimetapeliwa? Wengine kweli mmetapeliwa na hao wauzaji nitawafikia, ila wengi mmeuziwa betri halali kabisa, shida hakuna aliyewaambia ina gramu ngapi. Na hapo kwenye gramu ndo nitakaa leo, maana kila anayeshauri watu anaongelea mAh, anaongelea volti, anaongelea C (kasi ambayo betri inaweza kutoa umeme), halafu uzito unatajwa mwishoni kama rangi ya waya. Mambo ya kuchagua 4S au 6S, yaani seli ngapi zimefuatana ndani ya betri, siyagusi kabisa, angalia mota zako zinataka nini basi.

Chukua droni ya gramu 400 bila betri, ifunge betri ya gramu 200, tuseme inasimama hewani dakika 10. Ongeza betri ya pili ya aina ileile, hupati 20, unapata 13 hivi. Ongeza ya tatu, unakaribia 14. Ya nne inakupa 14 na sekunde chache, na ukiweka ya tano dakika zinaanza kurudi nyuma. Sababu ni kwamba umeme wa kuibeba droni hewani unapanda haraka kuliko uzito wenyewe, uzito ukiwa mara mbili umeme unakuwa karibu mara 2.8. Kwa hesabu tupu kilele kiko pale betri inapofika uzito mara mbili ya droni isiyo na betri, lakini usikimbilie huko, kabla hujafika mota zishachemka na droni haitaki hata kukata kona.

Kwa hiyo kabla hujalipa fanya hivi: chukua mAh gawanya kwa 1000, zidisha na volti iliyoandikwa kwenye betri, hizo ni wati-saa, halafu gawanya kwa gramu. Gramu za betri nzima jamani, na waya zake na konekta yake! Kuna wauzaji wanapima seli peke yake halafu wanakuletea betri yenye waya nene ndefu na konekta kubwa ya XT90 kwenye droni ambayo XT60 ndogo ingetosha, na wengine uzito hawaandiki kabisa, ukiuliza unajibiwa "ni nyepesi tu". Nyepesi tu! Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Nunua kamizani kadogo ka jikoni, pima mwenyewe siku mzigo unapofika.

LiPo, hizi betri laini za mfuko zilizozoeleka kwenye droni, ya 6S 1300mAh ina wati-saa 29 hivi na mara nyingi inacheza kwenye gramu 200 na kidogo, sasa hapo una 0.13 au 0.14 kwa gramu. Seli moja ya Li-ion ya saizi ya 21700 (mche wa milimita 21 kwa 70), P45B ya kampuni ya Molicel, ina 16.2 kwenye gramu 70, yaani 0.23. Hiyo tofauti huipati kwa kubadilisha kitu kingine chochote kwenye droni.

Ndo maana namba moja kwangu, na sijifichi, ni pakiti ya Molicel 21700, iwe P42A ama P45B, kwa mtu anayesafiri taratibu, anapiga picha, anataka kwenda mbali akarudi. Mnasema napendelea Molicel, ndiyo napendelea, kwa sababu seli ya 4200mAh inayoruhusu ampia 45 kwa uzito ule ni kitu cha maana, Samsung 40T nayo nzuri lakini inaishia 4000mAh na ampia 35. Ila msinielewe vibaya, Li-ion haipendi fujo. Ukiisukuma stiki mpaka juu volti inadondoka vibaya, na droni ya mashindano ya inchi 5 inaweza kunyonya zaidi ya ampia 100, pakiti ya mstari mmoja wa seli utaiua. Kingine, wengi mnaacha alamu ya volti kwenye 3.5 kwa seli kama mlivyozoea na LiPo, halafu mnasema Li-ion haina maajabu, wakati kwenye 3.5 Li-ion bado ina chakula kingi sana ndani, shusha mpaka 3.0 hivi ndo utue.

Namba mbili ni LiPo ya saizi ya kati, kwa wanaopinduapindua droni na kukimbizana. Hapa C iliyoandikwa kwenye lebo isome kama tangazo, siyo kipimo. Kwa mAh zilezile na volti zilezile, betri yenye C kubwa ya kweli huwa nzito zaidi, sasa ukiona "150C" ambayo ni nyepesi kuliko ya jirani yake ya 75C kuna mtu anakudanganya. Kama chaja yako inapima ukinzani wa ndani (jinsi seli yenyewe inavyozuia umeme kupita), pima kila seli ikiwa mpya uandike, hapo hakuna lebo ya kukudanganya.

LiHV, yaani LiPo ya volti ya juu, naiweka ya tatu, inachajiwa mpaka volti 4.35 kwa seli badala ya 4.2, inaongeza kidogo mwanzoni lakini inazeeka haraka, kwa vile vidroni vidogo vya ndani sawa, kwingine sioni haja.

Sasa propela, ambako dakika nyingi zinapotelea bila mtu kujua. Ukisoma 5x4.3x3 maana yake inchi 5 upana, 4.3 ni pichi, yaani inchi ambazo ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama hewa isingeteleza, na 3 ni mapanga matatu. Anayetaka muda mrefu anataka upana mkubwa, pichi ndogo, mapanga mawili. Kwa uzito uleule, kutoka inchi 5 kwenda 7 kwenye karatasi kunapunguza umeme wa kusimama hewani karibu 29%, ila huwezi kuchomeka tu, mikono ya fremu iwe mirefu na mota ziwe za KV ndogo (KV ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti), la sivyo utazichoma. Mapanga matatu yanashika vizuri kwenye kona, propela ya Gemfan 51466 kwa mfano watu wanaisifia na wana haki, lakini kwa kusafiri pichi ya 4.66 yenye mapanga matatu ni kula umeme bila sababu. Mimi nanunua HQProp, nimeshaamua, hazinisumbui kwa mtetemo zikiwa mpya. Propela iliyobanjuka ncha itupe hata kama inaonekana inazunguka, ule mtetemo mota zinaulipia kwa umeme.

Vya bei chee: propela za rejareja zisizo na jina, za kujifunzia kuanguka sawa. Betri za bei chee, hapana.

Haya, wauzaji. Ukikuta seli ya 18650 (ndogo kuliko 21700) imeandikwa 9900mAh ujue ni uongo mtupu, seli nzuri za saizi hiyo zinaishia kama 3500 au 3600, na za kutoa umeme mwingi kama VTC6 ya Sony ni 3000. Iweke kwenye mizani, ya kweli inakuwa gramu 45 mpaka 50, hizo za uongo nyingi ni nyepesi mpaka unashangaa humo ndani wameweka nini. Halafu kuna wanaounganisha pakiti za 21700 kwa vibati vya chuma vilivyopakwa nikeli juu, badala ya nikeli tupu, ukinzani unapanda, vinapata moto, volti inadondoka, wewe unailaumu seli. Omba picha ya pakiti kabla haijafungwa plastiki, uliza ni nikeli tupu au ya kupaka, uliza gramu pamoja na waya. Akianza kukuzungusha kwenye hilo la gramu, usimtumie hela.