Uzoefu wangu: saiti mira pana kwenye Yamaha YBR 125, nimebaki na moja tu

Natembelea pikipiki ya Yamaha YBR 125, sio ya abiria, ni ya kwenda nayo kazini na kurudi, Mbezi mpaka Posta kwa Morogoro Road. Saiti mira zake za orijino sio mbaya kabisa, sijawahi kuzichukia, shida ni mimi mwili wangu mkubwa na nikivaa lile jaketi la mvua ndo kabisa, nusu ya kioo nilikuwa naangalia kiwiko changu mwenyewe. Unasogeza kioo nje ili kiwiko kitoke, unapoteza kinachokuja nyuma yako moja kwa moja, ukikirudisha ndani unarudi kwenye kiwiko. Na ile barabara wanaoijua wanaijua, kipande cha Kimara kushuka Ubungo asubuhi una bajaji, una daladala inayochomekea bila indiketa, una lori la mkoani, alafu boda anakuja kushoto kwako kwenye upenyo ambao ulidhani hata baiskeli haipiti.

Kwa hiyo nikaingia Kariakoo kutafuta saiti mira pana. Pea moja nimechukua elfu 35 baada ya kuvutana sana, alianza na 50. Hazina jina la maana, boksi la kaki limeandikwa Made in China basi. Umbo ni la pembe nne lakini upande wa nje umerefushwa, shina la chuma jeusi, na kioo chenyewe kimebinuka. Hapa kwenye kubinuka sikilizeni vizuri maana ndo hela yako inapoliwa. Zile saiti mira za urembo zilizojaa dukani, zenye umbo la jani au zile za kufunga mwisho wa hendeli, nyingi nilizoshika kioo chake ni bapa, na kioo bapa kikiwa kidogo kinakuonyesha kipande kidogo cha dunia, hata kikae vizuri namna gani. Upana unaletwa na mbinuko, sio umbo la kava wala urefu wa shina. Kupima ni rahisi, nenda na rula ya mwanafunzi, ilaze juu ya kioo, ukiona mwanga unapita pembeni huku katikati imegusa basi kimebinuka, ikilala yote imeshikana na kioo hicho ni bapa. Muuzaji alinishangaa nilivyotoa rula lakini mteja ndo mimi bwana. Zilikuwepo pia zenye kioo cha bluu, anasema zinazuia mwanga wa usiku, mi nikaziacha, kioo cha rangi usiku kinapunguza kila kitu, hadi pikipiki isiyo na taa unayotaka kuiona.

Kitu kingine, ukigeuza saiti mira za orijino za pikipiki nyingi utakuta kuna herufi E ndani ya duara na namba pembeni. Ile ni alama kwamba kioo kimepimwa kwa Kanuni namba 81 ya Umoja wa Mataifa, ambayo inataka mbinuko uwe wa nusu kipenyo (cha lile duara kubwa ambalo kioo ni kama kipande chake) kati ya milimita 1,000 na 1,500, na eneo la kioo lisipungue sentimita za mraba 69. Namba ya mbinuko ikiwa ndogo maana yake kioo kimebinuka zaidi, unaona upana zaidi lakini vitu vinakuwa vidogo zaidi. Hizi zangu za Kariakoo hazina alama yoyote, na kwa macho tu zimebinuka kuliko za orijino, huhitaji hata rula kujua.

Kufunga. Kushoto ni kazi ya kunywea chai. Unavuta kile kimpira cha kuficha nati juu, spana namba 14, unalegeza nati, unazungusha saiti mira nzima inatoka pale kwenye mshikio wa klachi. Nikafuta uchafu kwenye uzi, yaani yale meno ya skrubu, grisi kidogo sana, nikaingiza mpya kwa mkono mpaka ikagota, nikairudisha kidogo mpaka kioo kikaangalia ninapotaka, alafu nikakaza nati. Uzi ni unene wa milimita 10, toka jino mpaka jino milimita 1.25, ndo saizi ya pikipiki nyingi ingawa zipo ndogo zenye uzi wa milimita 8, kwa hiyo kabla hujalipia ng'oa yako ya zamani uende nayo dukani.

Kulia sasa. Nilikuwa nimesimama kwa fundi mmoja nipate spana nyingine maana yangu ilikuwa imechoka mdomo, yeye akaona anisaidie, akashika saiti mira ya kulia akaanza kuingiza. Ikagoma. Akatoa, akapuliza tundu, akarudisha, ikagoma. Akashika spana. "Hii kaka uzi wake mkavu, ikishapata njia itaingia yenyewe." Nikamwambia fundi acha, usilazimishe hapo, hiyo ni Yamaha. Kwenye YBR na Yamaha nyingine nyingi saiti mira ya kulia ina uzi wa kushoto, yaani unakaza kwa kuzungusha kinyume na saa. Za Honda na Suzuki kawaida pande zote mbili uzi ni wa kawaida, na saiti mira za dukani zinatengenezwa kwa kufuata hizo. Sababu ya Yamaha kufanya hivo ina akili ndani yake: kioo cha kulia kikigongwa kwa mbele kinasukumwa kurudi nyuma, na mzunguko huo ukitazama kwa juu ni wa kufuata saa, kwa uzi wa kawaida kingezidi kujikaza mpaka kitu kivunjike au hendeli ikupokonye mkono, kwa uzi wa kushoto kinajilegeza tu kinazunguka. Fundi alikuwa hajui, akacheka akasema anafunga saiti mira miaka na huwa anaona zinagoma. Na kumbuka kulia pale shina linaingia kwenye mshikio uliounganishwa na masta silinda ya breki ya mbele, yaani ukiua uzi hapo hauharibu kishikio cha elfu kumi, unaenda kutafuta masta silinda au unapeleka kwa tona, fundi wa kuchonga vyuma, akakutengenezee uzi upya, yote hayo kwa ajili ya kioo.

Dawa yake ni adapta, kichuma kidogo chini kina uzi wa kushoto juu kina tundu la uzi wa kawaida. Haikuwepo pale, nikaagizia kwa dogo mmoja wa spea akasema nipe siku mbili tatu, ikawa wiki na kitu. Muda wote huo nikawa natembea na mchanganyiko, kushoto pana mpya, kulia orijino. Muonekano ulikuwa wa ajabu, ofisini wakaniuliza kama nimepata ajali.

Adapta ilipokuja nikafunga ya kulia na hapo ndo nikaanza kuona tofauti. Kwanza kulia ikawa imepanda juu kuliko kushoto kwa urefu wa adapta, inakera macho. Hilo linatibika, unaweka kipandishio upande wa kushoto zinalingana. Lisilotibika ni umbali. Ile ya kulia ilikuwa inaniongopea.

Nilijaribu nyumbani, pikipiki imesimama kwa stendi kubwa, IST ya jirani imepaki nyuma kule getini, nikawa naangalia kwenye orijino alafu kwenye mpya. Kwenye orijino ni gari, kwenye mpya ni toi ya mtoto. Nikapiga hesabu kidogo kwa fomula ya vioo ya fizikia ya sekondari, jicho likiwa kama sentimita 60 toka kwenye kioo: gari lililo mita 10 nyuma yako, kioo chenye mbinuko wa milimita 1,200 kinakuonyesha kwa ukubwa ambao kioo bapa kingekuonyesha gari la mita 20. Kioo chenye mbinuko wa milimita 600, yaani kilichobinuka mara mbili ya hapo, gari hilo hilo la mita 10 linaonekana kama lipo mita 30. Sasa weka basi la mkoani linalokuzidi kasi kwa kilomita 30 kwa saa, hilo linakula zaidi ya mita 8 kila sekunde. Unaangalia, unaona kabasi kadogo kule mbali, unajiambia nina muda, unatoka kuovateki bajaji, kumbe jamaa yupo nyuma ya kizibao chako.

Na sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo kulia ndo wanapotoka wenye spidi. Kulia unahitaji kujua huyu yupo umbali gani na anakuja haraka kiasi gani. Kushoto swali ni jingine kabisa, kuna mtu au hakuna mtu. Boda aliyejipenyeza kushoto kwako hana umbali wa kupima, ama yupo pembeni ya goti lako ama hayupo, na hapo kioo pana ni mkombozi kweli kweli, unamuona toka anaanza kuja mpaka anapotokea kwenye kona ya jicho, hakuna ule muda wa katikati ambao anakuwa amepotea. Marekani kwenye magari wanafanya kitu kinachofanana, kioo cha upande wa dereva ni bapa, cha upande wa abiria kimebinuka na kimeandikwa onyo kwamba vitu vipo karibu kuliko vinavyoonekana. Kwa hiyo ile wiki yangu ya kuchekwa ofisini ndo ilikuwa mpangilio sahihi. Nikang'oa ya kulia na adapta yake nikarudisha orijino, nimeisogeza nje zaidi ya zamani kwa sababu kinachotokea nyuma katikati sasa hivi nakipata kwenye ile pana ya kushoto. Kiwiko changu bado kipo kidogo kwenye kona, tumezoeana.

Mengine kwa haraka haraka.

Usiku nimeipenda kuliko nilivyotegemea. Wale wenye taa nyeupe za LED wanaokuja nyuma yako kama wanataka kukusoma mawazo, kwenye kioo kilichobinuka mwanga wao unatawanywa, unakuwa ka nukta kadogo, hauchomi jicho kama zamani.

Mtetemo ni mbaya. Injini ya silinda moja inatetemeka yenyewe, ukiweka kioo kizito juu ya shina refu unaongeza balaa, kuna spidi fulani, kwangu ni kwenye hamsini na kitu gia ya nne, kila kitu kwenye kioo kinakuwa ukungu. Ukipita hapo juu kidogo kinatulia. Nilikata kipande cha tyubu ya zamani nikatengeneza washa nikaweka chini ya nati, imepungua sio kuisha, na usiweke mpira mnene sana maana nati haitakaza, kioo kitakuwa kinageuka na upepo. Kagua nati kila ukiosha pikipiki, yangu ililegea mara moja nikiwa darajani pale Ubungo, kioo kikainama kikawa kinaniangalizia tangi la mafuta.

Upana wa chombo umeongezeka. Kwenye foleni nilikuwa napita kati ya gari mbili bila kufikiria, sasa upande wa kushoto naangalia kwanza, urefu wake unakutana na saiti mira za gari ndogo sawasawa, na mwenye gari hatakuelewa. Boda wengi wanang'oa vioo vyote kwa sababu hiyo hiyo ya kupenya, mi siwezi, bora nichelewe kidogo kwenye foleni.

Rangi ya shina imeanza kuchubuka na kutu kidogo kwenye kiungio cha mpira, mvua za masika hizi tu. Kwa bei ile siwezi kulia sana ila orijino ina miaka na haijafanya hivo. Kioo chenyewe kipo safi, hakijaingia maji wala kufifia kwa ndani.

Shingo bado nageuza kabla ya kutoka leni, hakuna kioo cha elfu 35 kitakachoniachisha hilo.

Kama mwenye mwili mdogo na vioo vyako vya orijino vinakuonyesha barabara sio kiwiko, elfu 35 hiyo weka kwenye breki shuu. Kama ni wa safari za mkoani, barabara nyeupe na mabasi nyuma, kaa na orijino pande zote mbili. Kwa mtu wa foleni za mjini, fanya kama mimi, kushoto pana, kulia ya kiwandani, na ukikuta duka linalokubali kuuza moja moja nunua moja tu. Mimi nililazimishwa pea. Ya kulia nikamuuzia jamaa wa kijiweni mwenye Boxer kwa elfu 10, ikaingia bila adapta wala ugomvi, sasa kila akiniona anauliza na ya kushoto naiuza lini. Siiuzi.